Idara ya Kompyuta na Maswali ya Umma

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Musoma, Bunda na Butiama.

Ndugu Walimu, Ndugu Watumishi wa Umma,

Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ya serikali nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilinunuliwa kutoka kampuni moja ya Uingereza, na kazi yake ilikuwa hesabu. Katika miaka iliyofuata mashine nyingine chache ziliongezwa. Matumaini yalikuwa makubwa: makaratasi yangepungua na mahesabu ya serikali yangekuwa safi. Matokeo yalikuwa kinyume. Kazi ya kuhamisha mahesabu kutoka vitabuni kwenda kwenye mashine ilivurugika, wataalamu walioielewa walikuwa wageni, na fedha za kigeni zilizidi kutoka. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake.

Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, na leo ni nadra kuikuta ofisi ya wilaya isiyo na kompyuta. Wako wanaokisimulia kisa hiki kwa kicheko, kana kwamba wazee wale waliogopa chombo kipya. Kicheko hicho hakina msingi. Mashine zilinunuliwa kabla ya kuwapata wananchi wa kutosha wenye kujua namna ya kuziuliza maswali, na wenye kujua kama jibu lililotoka ni la kweli au la uongo. Hilo ndilo lililokuwa kosa, na kosa hilo halikuisha mwaka 1974. Laweza kurudiwa leo, katika zama za simu janja na akili mnemba, tena kwa hasara iliyo kubwa zaidi.

Kwa sababu hiyo yafaa kuuliza: idara ya sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu hufanya utafiti gani? Swali hili linawahusu wakazi wa Mara kwa karibu, maana serikali imeanzisha hapo Butiama Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Wazazi watapeleka watoto huko. Walimu wa sekondari ndio watakaowaandaa. Ni haki yao kujua ni kitu gani kinachotafutwa.

Kwanza hapana budi kuondoa dhana moja potofu. Watu wengi hudhani kwamba kusoma kompyuta ni kujifunza kupiga chapa, kutengeneza majedwali na kufungua barua pepe. Hayo ni matumizi, na mtu mwenye bidii huyajua kwa majuma machache. Sayansi ya kompyuta huuliza jambo jingine: ni matatizo gani yanayoweza kutatuliwa kwa hatua zilizopangwa, hatua hizo ni zipi, na zinagharimu muda kiasi gani?

Mfano mmoja watosha. Tuseme lori moja linatoka Musoma mjini kupeleka vitabu katika shule 20 zilizotawanyika Bunda na Butiama. Ofisa anataka njia fupi kuliko zote, ili mafuta yasipotee. Shule ya kwanza yaweza kuwa yoyote kati ya 20, ya pili yoyote kati ya 19 zilizobaki, na kuendelea hivyo. Ukizidisha tarakimu hizo utapata mipangilio 2,432,902,008,176,640,000. Kompyuta yenye uwezo wa kupima mipangilio bilioni moja kwa kila sekunde ingehitaji takriban miaka 77 kuimaliza yote. Watoto waliokuwa wakivisubiri vitabu wangekuwa wamezeeka.

Lakini iko mbinu nyingine. Badala ya kupima kila mpangilio kuanzia mwanzo hadi mwisho, mashine huweka kumbukumbu ya njia fupi za makundi madogo ya shule, kisha hujenga jibu la kundi kubwa juu ya majibu hayo. Kwa mbinu hiyo jibu lile lile hupatikana, kwa mashine ile ile, katika muda wa sekunde tu. Mashine haikubadilika, kilichobadilika ni fikra ya binadamu. Hii ndiyo nyanja ya kwanza ya utafiti, nayo huitwa nadharia ya ukokotoaji. Aghalabu wakubwa wa maofisi huidharau kwa sababu haina kifaa cha kuonyesha wageni. Hata hivyo nchi maskini ndiyo inayoihitaji zaidi, kwa kuwa haina fedha za kununua mashine kubwa kila mwaka ili kuficha uchache wa mbinu.

Nyanja ya pili ni lugha. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akalelewa katika Kizanaki, akaanza shule Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, moja ikatoka mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969. Kwa kazi hiyo alionyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mawazo mazito. Leo swali limesogea mbele: je, Kiswahili chaweza kuibeba kompyuta, na kompyuta yaweza kukibeba Kiswahili?

Jambo hili si jepesi kama lionekanavyo. Kwa Kiingereza mtafiti aweza kuanza kwa kuipa mashine orodha ya maneno na kupata sehemu kubwa ya lugha. Kwa Kiswahili orodha haitoshi. Neno moja kama «walichotununulia» lina ndani yake watendaji, wakati uliopita, kitu kilichotendwa, watu waliotendewa, kitendo chenyewe cha kununua, na habari kwamba kilitendwa kwa ajili yao. Kitenzi kimoja huzaa maumbo maelfu kwa maelfu. Hapana kamusi iwezayo kuyaorodhesha yote. Kwa hiyo mashine haina budi kufundishwa kanuni za kulichambua neno, vipande kwa vipande, kama mwalimu wa sarufi anavyofanya ubaoni.

Kazi hiyo ilianza mapema. Tangu miaka ya 1980 Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alitengeneza programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili, na mkusanyo wa matini uliotokana na juhudi hizo umefikia takriban maneno milioni 25. Huko Dar es Salaam, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu ilishirikiana na kampuni moja ya Uswidi kutafsiri programu za ofisi zilizo huru kwa umma, na mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na ya majedwali yenye maelekezo ya Kiswahili. Watafiti wale walilazimika kutafuta istilahi kwa kila kitufe na kila onyo. Mtu aliyewahi kubishana kama kitu hiki ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi ataelewa ugumu wa kazi yao.

Shukrani kwa Wafini na Waswidi ni wajibu. Lakini yafaa pia kujiuliza kwa nini ghala kubwa kama hilo la maneno ya Kiswahili lilijengwa Helsinki, wakati wasemaji wake wako Musoma, Tanga, Mombasa na Bukavu. Jibu si wizi, maana maneno hayaibiwi kwa kuandikwa. Jibu ni kwamba huko palikuwa na idara iliyoona kuwa swali hilo lastahili miaka ya kazi.

Na kazi bado iko. Mashine za siku hizi hujifunza kusikia sauti ya binadamu, na mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla hukusanya sauti za watu wanaojitolea kusoma sentensi, Kiswahili kikiwamo. Sasa, Mara ina Wajita, Wakurya, Wazanaki, Waikizu, Wakwaya, Wajaluo na wengineo, na kila mmoja hukisema Kiswahili kwa lafudhi ya nyumbani kwake. Mashine iliyofundishwa kwa sauti za watangazaji wa redio pekee itamwelewa mtangazaji. Mama anayeanika dagaa mwaloni akiiuliza bei au hali ya hewa, itamjibu upuuzi. Hatakuwa na namna ya kujitetea. Ataambiwa kwamba hajui kusema. Hili ni suala la usawa wa raia, na ufumbuzi wake hutafutwa katika maabara ya chuo.

Nyanja ya tatu ni ujifunzaji wa mashine, ambao ndio moyo wa akili mnemba. Hapa mashine haipewi kanuni. Hupewa mifano mingi, ikatafuta kanuni yenyewe. Mfano bora kwa mkoa huu ni muhogo. Ugonjwa wa batobato na ule wa michirizi ya kahawia umewatia hasara wakulima wa Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi. Ule wa pili ni wa hila zaidi, kwa kuwa jani na shina huweza kuonekana kuwa na afya ya kuridhisha wakati mizizi chini imeoza.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, na wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki walichapisha matokeo ya mashine iliyofundishwa kwa picha za majani ya muhogo zilizopigwa mashambani hapa Tanzania. Katika picha ilizokuwa haijaziona, mashine ilipatia asilimia 93. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu ya simu iitwayo Nuru. Mkulima huielekeza simu kwenye jani naye huambiwa ugonjwa, hata mahali pasipo na mtandao.

Habari hiyo ilienea duniani. Lakini sehemu ya pili ya habari haikuenea sana, nayo ndiyo yenye elimu. Watafiti walipoipeleka mashine katika simu na kuijaribu katika hali halisi ya shamba, mwaka 2019 walitangaza wenyewe kwamba kipimo cha ubora wake kilishuka kwa takriban theluthi moja hata pale dalili zilipokuwa wazi, na dalili hafifu zilizidi kuipita bila kuonwa. Jani halisi hupeperushwa na upepo, jua humulika upande mmoja, mkono wa mpigapicha hutikisika. Kazi ya kuiboresha ikaendelea baada ya hapo.

Fundisho lake ni kubwa kwa mtumishi wa umma. Asilimia nzuri iliyopatikana maabara si ahadi kwa mkulima. Bwana shamba atakayeambiwa kwamba chombo fulani kina usahihi wa asilimia 90 na zaidi hana budi kuuliza: kilipimwa wapi, kwa majani ya nani, na katika msimu gani? Swali hilo laweza kuulizwa vizuri na mtu aliyeko shambani kuliko na mtu aliyeko ng'ambo. Huo ndio ubora wa kuwa na chuo cha kilimo na teknolojia mahali pamoja, katikati ya mashamba ya muhogo, mtama na pamba.

Kwa walimu kuna mfano ulio karibu zaidi. Huko Arusha, katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Neema Mduma na wenzake wamefanya utafiti wa kutumia mashine kubashiri wanafunzi walio katika hatari ya kuacha shule, wakitumia takwimu za Uwezo za hapa Tanzania. Ugumu mmoja wa kazi kama hiyo waweza kuelezwa hivi. Chukua wanafunzi 1,000, na tuseme 20 kati yao wataacha shule. Mashine mvivu itasema kwamba hakuna atakayeacha. Itakuwa imepatia mara 980 kati ya 1,000, yaani asilimia 98, na haitakuwa imemsaidia mtoto hata mmoja. Wale 20 ndio waliotafutwa, nao ndio waliokosekana. Ndiyo maana watafiti hutumia mbinu za kuisawazisha mifano, na vipimo vingine vinavyouliza: kati ya waliokuwa hatarini, wangapi waligunduliwa?

Mwalimu mkuu hahitaji hesabu ngumu kulielewa jambo hili. Analijua tangu zamani: wastani wa darasa waweza kupanda huku watoto wa viti vya nyuma wakizama.

Nyanja ya nne ni mifumo ya taarifa. Watumishi wa afya wanayafahamu madaftari ya MTUHA, ambayo tangu miaka ya 1990 yamekuwa yakijazwa katika zahanati na vituo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo daftari likijazwa Butiama na kusomwa Dodoma baada ya miezi mingi, habari yake imekwisha kuchacha. Idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishirikiana na Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, kuujenga mfumo wa DHIS2 kwa mahitaji ya Tanzania, na kufikia mwaka 2013 ulikuwa umesambazwa nchini kote. Mizizi ya mfumo huo ni Afrika Kusini, baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi, ilipolazimika kuunganisha huduma za afya zilizotenganishwa kwa rangi.

Utafiti wa namna hii hauishii katika kuandika programu. Huuliza kwa nini muuguzi hujaza tarakimu za kubuni mwisho wa mwezi, kwa nini fomu moja ina maswali mengi ambayo majibu yake hayasomwi na mtu, na kwa nini wilaya ipelekayo takwimu juu hairudishiwi chochote cha kuisaidia kuamua. Ni sayansi ya kompyuta, lakini ni sayansi ya utumishi pia.

Ziko nyanja nyingine za kupitia kwa haraka. Iko ile ya kuiga maumbile kwa hesabu: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulitumia kompyuta kuonyesha jinsi ngurumo na dhoruba za usiku juu ya Ziwa Victoria zinavyoelekea kuwa kali zaidi kadiri dunia inavyopata joto. Kwa mvuvi wa Musoma na Bunda, anayeingia majini magharibi na kurudi alfajiri, hilo si jambo la vitabuni. Iko pia nyanja ya mitandao, inayotafuta namna ya kufikisha mawasiliano mahali ambapo kampuni haioni faida. Na iko nyanja ya usalama na maadili. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2023. Ofisa anayetuma orodha ya majina ya wagonjwa au ya wanafunzi kupitia kundi la simu yafaa ajue kwamba kuna sheria, na chuo hakina budi kumpa mbinu za kuitii bila kuikwamisha kazi.

Ndugu Walimu na Watumishi,

Idara changa ya kompyuta hujaribiwa na kishawishi kimoja. Huchukua orodha ya nyanja za utafiti kutoka vyuo vikubwa vya Ulaya na Marekani, ikaibandika mlangoni kwake. Sifa hupatikana, makala huchapishwa, vijana hodari hupata nafasi ng'ambo. Lakini maswali yaliyojibiwa yanakuwa ya watu wengine. Nyanja zenyewe si kosa. Nadharia ya ukokotoaji ni ile ile Butiama na Chicago, na atakayeikwepa kwa kisingizio cha uzalendo atazalisha mafundi wa kubahatisha. Tofauti iko katika swali linaloletwa mbele ya nadharia hiyo: lori la nani, jani la nani, sauti ya nani, mtoto wa nani.

Maswali hayo hayatazuka chuoni yenyewe. Yako katika kata kama Buswahili, katika mialo ya Majita, katika madaftari ya shule za Bunda, na katika mafaili ya ofisi. Wenye nayo ni walimu na watumishi wa umma. Ofisa kilimo anayeandika kwa uaminifu ni shamba lipi limeugua na lini, anatayarisha utafiti hata kama hajawahi kuiona maabara. Mwalimu wa hesabu wa kidato cha pili anayewakataza wanafunzi kukariri jibu, na kuwataka waeleze hatua walizopitia, tayari anafundisha sayansi ya kompyuta, hata kama shule yake haina umeme. Afisa elimu atakayekwenda chuoni kuuliza kwa nini watoto wa kijiji fulani huacha shule kila msimu wa uvuvi, atakuwa amewapa watafiti kitu ambacho hakuna mfadhili awezaye kuwapa.

Mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya mageuzi ya elimu ya juu nchini, umejumuisha pia chuo cha Butiama. Majengo yatasimama na mashine zitanunuliwa. Mwaka 1965 pia mashine ilinunuliwa. Miaka tisa tu baadaye ikapigwa marufuku, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa hajajua kuiuliza. Safari hii hapana haja ya marufuku. Liko hitaji moja tu, nalo ni kwamba siku mlango wa idara hiyo utakapofunguliwa, wananchi wa Mara wafike na maswali yao, na watafiti wawe tayari kuyasikiliza.